Umeme wa Fukushima ulikuwa wa nani?

Makala nzuri, ila mwandishi ameruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kilikuwa mali ya kampuni ya umeme ya Tokyo, lakini Fukushima haimo katika eneo inalolihudumia kampuni hiyo. Tangu mgawanyo wa 1951, mikoa sita ya Tohoku, Fukushima ikiwemo, pamoja na Niigata ni ya Tohoku Electric, yenye makao makuu Sendai. Kwa hiyo waliohamishwa makwao mwaka 2011, tetemeko na tsunami vilipokiharibu kituo hicho, walikuwa wakiwasha taa kwa umeme wa kampuni nyingine. Ule uliozalishwa mlangoni pao ulikwenda Tokyo na majirani zake. Ajira na ruzuku walipata, sikatai. Hatari nayo walibaki nayo wao.

Na kwa wanaodai kwamba tsunami ile ingemshinda yeyote: Tohoku Electric walikuwa na kituo Onagawa, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Walikijenga mita 14.8 juu ya bahari, kwa sababu mhandisi Yanosuke Hirai, aliyeijua historia ya tsunami ya Jogan ya mwaka 869, aling'ang'ania hivyo. Vinu vyote vitatu vilizimika salama, na wanakijiji waliopoteza nyumba wakapewa hifadhi ndani ya kituo chenyewe! Kule Daiichi, vinu vilivyoharibika vilisimama kwenye mita 10 tu.

Kashiwazaki-Kariwa nacho ni kituo cha kampuni hiyo hiyo ya Tokyo, na kiko Niigata, nako ni eneo la Tohoku Electric. Ningependa mwandishi awaulize watu wa huko swali hilo hilo: umeme huo ni wa nani?