Kiti cha Mnarani Huandaliwa Darasani

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne na cha sita yatangazwapo, swali moja huenea majumbani mwetu: kijana huyu sasa aende wapi? Majibu tuliyoyazoea ni machache. Ni ualimu, udaktari, uhasibu, au biashara ya duka. Ni nadra kumsikia mzazi akitaja kazi ya kuongoza ndege. Wengi hata hawaijui, na humdhania mwongoza ndege kuwa ni yule anayepunga vibao uwanjani kumwonyesha rubani mahali pa kuegesha.

Sivyo. Mwongoza ndege huketi mnarani au mbele ya rada. Yeye ndiye anayemruhusu rubani kuruka na kutua, ndiye anayempangia kimo cha kupita, na ndiye anayehakikisha kuwa ndege mbili hazikaribiani kupita kiasi. Kazi hiyo yote huifanya kwa sauti, kwa lugha ya Kiingereza, na kwa sekunde chache. Ni amana nzito. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia, na watu 583 wakapoteza maisha. Ukungu ulikuwa mzito, na maneno kati ya mnara na marubani hayakueleweka sawasawa. Tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani karibu na mji wa Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71, wengi wao wakiwa watoto wa shule kutoka Urusi. Usiku ule mwongoza ndege alikuwa akihudumia meza mbili peke yake, mwenzake akipumzika.

Misiba hii yatufundisha mambo mawili: mwongoza ndege sharti aandaliwe vizuri, na sharti wawepo wa kutosha. Ndiyo maana kanuni za kimataifa hazimpi mtu leseni ya kazi hii kabla ya kutimiza miaka 21. Humtaka apimwe afya, na afikie walau ngazi ya nne kati ya sita katika Kiingereza cha usafiri wa anga. Baada ya masomo ya darasani, hufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda usiopungua saa 90 au mwezi mmoja mnarani. Kwa huduma ya rada na ya anga ya mbali, muda huo ni saa 180 au miezi mitatu. Mtu wa namna hii hapatikani kwa kutangaziwa leo na kuajiriwa kesho. Mwaka 1981 Marekani iliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na kuziba pengo hilo kulichukua miaka mingi.

Mafunzo ya aina hii ni ghali, na familia ya kawaida haiyamudu. Kwa sababu hiyo, katika baadhi ya nchi shirika linalotoa huduma hiyo ndilo linalowasomesha vijana. Afrika Kusini ni mfano mzuri. Shirika lake la kuongoza ndege, lililoundwa mwaka 1993, husimamia takriban sehemu moja ya kumi ya anga ya dunia. Lina chuo chake karibu na uwanja wa ndege wa Johannesburg, na hutoa ufadhili kwa vijana waliomaliza sekondari wakiwa na Hisabati na Kiingereza. Pamoja na hayo, mwaka 2024 safari nyingi nchini humo zilicheleweshwa, na uhaba wa waongoza ndege ukatajwa miongoni mwa sababu. Ikiwa mwenye chuo na ufadhili bado amepungukiwa, hali yake asiyejiandaa itakuwaje?

Hapa kwetu, jengo la tatu la abiria katika Uwanja wa Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 2019. Rada za ndege za kiraia zimefungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Chuo cha usafiri wa anga kipo Dar es Salaam, na majirani zetu wanacho Nairobi. Vyombo vimekwisha kununuliwa, lakini rada haizungumzi na rubani. Anayezungumza naye ni mtu. Je, mtu huyo atatoka nyumba gani?

Hapa ndipo penye uchungu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, ni kama robo tu ya watahiniwa waliofaulu Hisabati. Aidha, watoto wengi huiacha Fizikia mara wamalizapo kidato cha pili, na wazazi hunyamaza. Mtoto wa miaka kumi na tano hujifungia mlango ambao hakuna aliyewahi kumwonyesha. Tangazo la ufadhili likitoka miaka mitatu baadaye, hana cha kuombea. Ndipo tunaposema kwamba nafasi zimetolewa kwa kujuana! Kujuana kupo, na ni dhuluma ya kukemewa. Lakini anayeshindania nafasi bila sifa hana hata hoja ya kudai haki yake.

Kwa hiyo, tunawaomba wanaotoa ufadhili wautangaze mapema, kwa Kiswahili, redioni na magazetini, na wachague kwa mtihani ulio wazi. Ufadhili unaolipa ada pekee na kusahau chakula na malazi humrudisha nyumbani mtoto wa maskini.

Nazo kamati za misikiti zisingoje kuambiwa. Matangazo ya masomo yasomwe baada ya sala. Vyumba vya madrasa vilivyo wazi jioni vitumike kufundishia Hisabati, na walimu wastaafu tulio nao waombwe kusaidia. Mfuko mdogo wa nauli na gharama za kupima afya waweza kumfikisha kijana kwenye usaili. Mabinti wasiachwe nyuma, kwani kazi hii haitaki misuli, yataka akili iliyotulia.

Nanyi vijana mtakaosomeshwa, jueni kwamba mmekopeshwa imani ya watu. Ilipeni kwa utumishi.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Muhula ujao mtoto wako atachagua masomo: kaa naye kabla hajachagua.