Wavu Unanasa Dagaa, Papa Anapita

Kila msako ukipigwa Mombasa, Malindi au Lamu, picha ni ile ile: vijana wamepakiwa nyuma ya gari la polisi, kete chache mezani, afisa mbele ya kamera. Maskani zinahamwa siku mbili tatu, kisha unga unarudi. Vijana, tujiulize: kwani huo unga unaingiaje?

Unaingia kwa bahari. Heroini inatoka Afghanistan, inapakiwa kwenye majahazi pwani ya Iran na Pakistan, inateremshwa na Bahari Hindi mpaka kwetu. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani 1 kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya. Agosti mwaka huo huo serikali ikailipua meli ya Al Noor baharini, baada ya kupatikana na zaidi ya kilo 370. Moshi ulionekana vizuri kwenye TV. Lakini baruti huzamisha chombo tu. Anayelipa, anayepokea na anayefumba macho wako nchi kavu.

Kesi ya ndugu wa Akasha imetuonyesha. Baktash na Ibrahim walikamatwa Mombasa Novemba 2014, kwa mtego wa DEA ya Marekani na polisi wetu. Kesi ya kuwapeleka Marekani ikapigwa danadana mahakamani zaidi ya miaka 2, hadi Januari 2017 waliposafirishwa New York. Huko wakakiri makosa yao, yakiwemo kuhonga maafisa wa Kenya ili wasipelekwe. Mashtaka yaliwataja majaji, waendesha mashtaka na polisi. Baktash alipewa miaka 25, Ibrahim 23. Sasa swali: anayetoa hongo yuko jela Marekani, aliyepokea yuko wapi?

Hatusemi sheria hakuna. Ya dawa za kulevya ipo tangu 1994. Ya kupambana na utakatishaji wa pesa ipo tangu 2009, na iliunda wakala wa kutwaa mali ya uhalifu. Basi wafuate pesa: majumba, magari, akaunti. Kete inakupeleka kwa teja, pesa inakupeleka kwa tajiri.

Na tueleweke: muuzaji hatumtetei. Anaua mtaa mzima. Tunachokataa ni kijana kuchukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, halafu mamake azunguke kituo hadi kituo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Hata mshukiwa wa unga.

Na teja ni mgonjwa. Malindi kuna kliniki ya methadoni; mpeleke ndugu yako huko kabla hajapelekwa seli.

Kariri Kifungu cha 49. Rafiki akishikwa, andika saa, mahali na namba ya gari, kisha tafuta wakili mapema.