Rangi imetoka, sumu imebaki

Msimu uliopita mama mmoja alinijia zahanati na swali: "Tabibu, mbegu za mahindi zimenibakia kilo tatu, zina ile dawa nyekundu. Nikiziosha mara saba rangi ikatoka, si nazisaga?" Nikamwambia hapana, mama. Hakuridhika, wala sikumlaumu. Madrasa tulisomeshwa kuwa najisi ikishaondoka rangi, ladha na harufu, mahali pametoharika. Lakini sumu si najisi, na rangi ile siyo sumu yenyewe. Imetiwa iwe alama tu.

Watu wa Iraq yaliwafika hayo. Mwaka 1971 nchi yao ilipokea ngano ya mbegu kutoka nje, imepakwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Magunia yaliandikwa Kispaniola na Kiingereza. Mkulima wa kijijini angesomaje? Wako walioosha, maji yakawa mekundu, wakaona imesafika. Wengine waliwalisha kuku kwanza, siku chache zikapita, kuku wazima! Wakaoka mikate. Kumbe madhara yake huchukua wiki kadhaa kujitokeza: ganzi, kuyumba, macho na masikio kufifia. Watu 6,530 walilazwa, na 459 kati yao walifia hospitalini. Wapo watoto waliozaliwa na ubongo ulioharibika, ilhali mama zao walikuwa na dalili ndogo tu.

Zebaki ile huwa imeunganishwa na kaboni, katika kikundi kiitwacho methili: kaboni moja na haidrojeni tatu. Muungano huo maji hayauvunji, na moto wa tanuri haukuwaokoa walaji. Kisha zebaki hupenda mno salfa, nayo salfa imo katika protini za miili yetu. Ikishajishika humo, huvushwa mpaka ubongoni kama kwamba ni chakula, na hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Dawa za mbegu za zebaki zimepigwa marufuku nchi nyingi, na za leo ni za aina nyingine. Wako wanaosema basi hofu imekwisha. Mimi siafikiani nao, kwani hizi nazo ni sumu, na kosa la kuamini macho ni lile lile. Wanaonikera zaidi ni wauzaji wanaofungua pakiti na kupima mbegu kwa kikombe, maana onyo hubaki dukani. Na masheikh wetu wa darasa la tohara wangeongeza neno moja juu ya sumu, wangeokoa watu.

Zile kilo tatu nilimshauri ampe jirani yake ambaye alikuwa hajapanda.