Maji Yanayozurura, Damu Inayonywesha: Istilahi za MRI na Haki ya Mgonjwa

Mna mazoea yaliyokita mizizi miongoni mwetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kwamba kila uwanja mpya wa sayansi unapochipuka twakimbilia kamusi kabla ya kulikimbilia jambo lenyewe. Twauliza kitu kitaitwaje kabla hatujauliza hufanyaje kazi. Matokeo yake ni orodha ndefu za istilahi ambazo hupigiwa makofi kongamanoni na kusahaulika garini tukirejea nyumbani. Makala hii inanuia kulitazama tawi moja tu la tiba, tena dogo: upimaji wa damu ipitayo katika mishipa midogo kabisa ya mwili kwa kutumia picha za MRI zinazofuatilia mtawanyiko wa maji. Nimelichagua kwa sababu humo mna miendo miwili ambayo ikipewa tarakimu moja huweza kuuficha ugonjwa. Kiswahili tunachokitumia hospitalini, nitakavyojaribu kuonyesha, huipa miendo hiyo hiyo neno moja.

Tuanze na maji. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na molekuli za maji hazitulii hata nukta moja. Mwaka wa 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliona kwa hadubini chembechembe zilizotoka kwenye chavua zikitikisika majini bila kusukumwa na yeyote. Mwaka wa 1905 Albert Einstein akatoa maelezo ya kihesabu ya mwendo wa aina hiyo. Kitenzi chetu 'kuzurura' chaueleza vizuri ajabu: mtu anayezurura hana aendako, lakini muda ukipita utamkuta mbali na pale ulipomwacha. Ndani ya mwili mzururo huo una vizuizi, kwa kuwa utando wa seli huyazuia maji, na ndiyo maana katika ubongo yanatawanyika kwa kasi ipatayo robo tu ya ile ya maji huru yenye joto la mwili. Seli zikivimba au zikisongamana, kasi hupungua zaidi. Basi anayeweza kuupima mzururo wa maji anaweza kuijua hali ya seli bila ya kumkata mgonjwa.

Unapimwaje? Mbinu ya msingi ilielezwa na Stejskal na Tanner mwaka wa 1965. Hebu msomaji awafikirie wanafunzi waliopangwa mstari uwanjani. Mwalimu anaamuru kila mmoja ageuke kulia kwa kiasi kinacholingana na mahali aliposimama: wa kwanza kidogo, wa kumi zaidi, wa ishirini zaidi tena. Baada ya kitambo kifupi anawaamuru wageuke kushoto kwa kiasi kinacholingana na mahali walipo sasa. Asiyesogea hurudi kutazama mbele sawasawa. Waliohamahama kati ya amri mbili hubaki wametazama upande upande. Wakiimba pamoja, sauti ya waliotulia itasikika kwa nguvu, ilhali ya waliohama itatawanyika na kufifia. Mashine ya MRI hufanya hivyo kwa viini vya hidrojeni vilivyomo katika maji, na amri zake ni mabadiliko mafupi ya uga wa sumaku. Ukali wa amri hizo huwakilishwa kwa herufi b, nao hupimwa kwa sekunde kwa milimita mraba.

Hapa ndipo anapoingia Denis Le Bihan, Mfaransa aliyesomea udaktari na fizikia kwa pamoja. Katikati ya miaka ya themanini alitaka kujua iwapo mtawanyiko wa maji ungeweza kutofautisha saratani ya ini na uvimbe usio na madhara utokanao na mishipa ya damu. Ini lilimshinda kwa wakati ule, maana halitulii mgonjwa anapopumua, akaugeukia ubongo. Mwaka wa 1986 yeye na wenzake walichapisha makala katika jarida la Radiology, wakidai kwamba ndani ya kila kijitofali cha picha, kiitwacho vokseli, mna miendo holela zaidi ya mmoja. Upo mzururo wa maji, na upo mwendo wa damu ndani ya kapilari. Mbinu yao hujulikana hadi leo kwa kifupisho IVIM.

Lakini damu si mzururaji! Ina njia na ina msukumo wa moyo. Itahesabiwaje kuwa mwendo holela? Jibu lataka mfano wa nyumbani. Anayeijua Mwea, kule Kirinyaga, anajua jinsi maji ya mto yanavyoingia katika mfereji mkuu, yakagawanyika katika mifereji ya wastani, kisha katika vijifereji vinavyoingia mashamba ya mpunga. Ukisimama kando ya kijifereji kimoja, utasema bila kusita kwamba maji yanaelekea mashariki. Ukiitazama ekari nzima kutoka angani, huwezi kusema hivyo, kwa kuwa vijifereji vimeelekea kila upande na kupindapinda. Upana wa kapilari haufikii sehemu ya mia ya milimita, ilhali vokseli ina milimita moja hadi kadhaa kila upande. Kwa hiyo ndani ya vokseli moja mna vijifereji visivyohesabika, na kwa jicho la mashine damu yote hiyo yaonekana kana kwamba inatawanyika. Tofauti ni kwamba mtawanyiko huu wa kuonekana ni wa kasi kubwa, aghalabu mara kumi au zaidi ya ule wa maji yaliyopenya matopeni.

Kasi hiyo ndiyo inayowatenganisha. Thamani ya b ikiwa ndogo, takriban chini ya 200, sauti ya damu ndiyo huanguka haraka. Ikipandishwa zaidi, damu imekwisha kunyamaza na kinachoendelea kufifia polepole ni mzururo wa maji ya seli. Kwa kupiga picha kadhaa kwa thamani mbalimbali za b, mtafiti hupata vipimo vitatu: kasi ya mtawanyiko wa kweli (D), kasi ya ule wa kuonekana (D*), na sehemu ya ishara itokayo kwa damu inayotembea (f). Yote haya bila sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Hilo si jambo dogo kwa mwenye figo dhaifu, kwani tangu mwaka wa 2006 baadhi ya dawa hizo zenye gadolinia zimehusishwa na ugonjwa mbaya wa kukakamaa ngozi kwa wagonjwa wa figo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Tuchukue uvimbe wa saratani ambao seli zake zimesongamana na wakati huo huo umeota mishipa mipya ya damu. Msongamano hupunguza mzururo wa maji. Mishipa mipya huongeza mwendo wa damu. Ukivipima vyote viwili kwa tarakimu moja iliyochanganywa, punguzo na ongezeko vyaweza kufutana, nawe ukaambiwa hali ni ya kawaida. Kinyume chake, mnamo 2008 watafiti nchini Ufaransa waliripoti kuhusu ini lililosinyaa kwa makovu kwamba kipimo cha D* kilikuwa kimeshuka, yaani tatizo lililojitokeza lilikuwa la damu kuliko la maji ya seli.

Nimewahi kuketi na mjomba wangu akipokea matokeo ya picha ya ubongo katika hospitali moja jijini Nairobi. Ripoti ilikuwa ya kurasa mbili kwa Kiingereza, maelezo aliyopewa kwa Kiswahili yalikuwa sentensi moja: "Mzee, damu haizunguki vizuri." Tukiwa kwenye ngazi akaniuliza, "Mpwa wangu, haizunguki kwa sababu imeziba, au imezunguka na nyama zikakataa kuipokea?" Swali hilo, wasomi wenzangu, ndilo hasa swali la Le Bihan! Mjomba hakusoma fizikia, ila alitambua kwamba njia ya damu ni jambo moja na hali ya seli ni jambo jingine. Neno 'mzunguko' lilimnyima jibu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Iwapo lugha hiyo haijaandaliwa, 'inapowezekana' litabaki kuwa kichaka cha kujifichia.

Tuiandae vipi? Kwa maoni yangu tuanze na vitenzi. Kwa mwendo wa maji neno 'mtawanyiko' limekwisha kuenea na silipingi, almuradi mwalimu aufafanue kwa 'kuzurura', kwa sababu kutawanyika kwapendekeza umati unaotoka mahali pamoja, ilhali maji haya yamejaa kote na bado yanahamahama. Kwa damu inayofikishwa kwenye tishu, mfano wa Mwea ungetushawishi tuseme 'umwagiliaji wa damu'. Nasihi tusithubutu! Masikio ya Mswahili yatasikia 'umwagaji wa damu', na mgonjwa atashuka kitandani akimbie. Pendekezo langu ni 'unyweshaji': damu huzinywesha seli kama mchungaji anywesheavyo mifugo. Neno hili lina mtenda, lina mtendwa, na lina swali ndani yake: zimenyweshwa za kutosha? (Hata 'tishu' yenyewe, nikiri kando, humtia Mkenya wasiwasi, kwani yeye huinunua dukani kwa karatasi laini.)

Neno 'holela' nalo latufaa kuliko yale marefu ya kubuni. Nimewasikia baadhi yetu wakipendekeza 'miendo isiyoshikamana kimantiki', kana kwamba molekuli zimeshindwa mjadala. Tunalo soko holela, tunao ujenzi holela. Kila Mkenya ajua kwamba holela ni kitu kisicho na mpango wa pamoja, ijapokuwa kila mwenye kibanda ana mpango wake. Hivyo ndivyo kapilari zilivyo ndani ya vokseli.

Kizito kuliko vyote ni D*. Wapo wanaoelekea kuuita 'mtawanyiko bandia'. Bandia ni noti ya kughushi, ni dawa ya kuua mtu. Damu hii si ya kughushi hata kidogo. Inatembea kweli, ila mwendo wake unaiga umbo la mtawanyiko. 'Mtawanyiko wa mfano' ungekuwa karibu na ukweli. Hata hivyo, katika hili nawaunga mkono wanaosema tusiharakishe. Wanasayansi wenyewe hawajatulia: D* huyumba sana picha inapokuwa na kelele, uteuzi wa thamani za b hutofautiana baina ya vituo, na licha ya miongo minne IVIM ingali kwa kiasi kikubwa katika maabara za utafiti kuliko katika ripoti za kila siku. Kipimo cha f kina utulivu zaidi, na jina lake halihitaji kubuniwa: ni sehemu ya damu inayotembea. Kwa hicho na kwa 'unyweshaji', wanachama wa chama chetu wangeweza kuketi muhula huu pamoja na wenzetu wa kitivo cha tiba, wenye mashine wakaeleza nasi tukasikiliza kwanza. D* ibaki herufi na nyota yake hadi wao watakapokubaliana inapima nini.