Waliojenga mpira bila kuvaa jezi

Muulize shabiki yeyote pale Mbuyuni, Moshi, akutajie nyota wa Taifa Stars iliyocheza Fainali za Afrika kule Nigeria mwaka 1980. Haraka atamtaja nahodha, Leodegar Tenga. Muulize sasa nani walikuwa wakitangaza mpira RTD enzi hizo. Hapo ataanza kukuna kichwa.

Kabla ya runinga kuenea, mtu wa Rombo au Marangu aliijua Simba na Yanga kwa masikio tu. Betri za redio zilianikwa juani tangu asubuhi ili zifike dakika ya 90, na Ahmed Jongo akishika kipaza sauti, kijiji kizima kilitulia. Mei 2025 tukampoteza Charles Hilary, Mzee wa Macharanga, ambaye naye alitutangazia mpira miaka mingi. Rambirambi zilikuwa nyingi, kisha ligi ikaendelea. TBC ndiyo iliyorithi RTD. Ituambie basi kanda za mechi zile ziko wapi na lini mashabiki watazisikia.

Viongozi nao vivyo hivyo. Tenga aliiongoza TFF kuanzia 2004, wakati FAT imechosha watu kwa migogoro, hadi 2013. Sisi tunaona kazi yake ya mezani ilikuwa kubwa kuliko ya uwanjani, ingawa wazee wataguna.

Na nguvu ya meza sisi wa Kilimanjaro tunaijua. Kitayosce ilizaliwa huku kwetu, ikahamia Tabora, ikapanda Ligi Kuu 2023 na kuitwa Tabora United. Hakuna beki aliyeamua hayo, bwana.

Kanada, ambako soka halijawahi kuwa mchezo namba moja, wana orodha yao ya heshima: wachezaji upande mmoja, na upande wa pili wale wanaowaita wajenzi. Sisi tunaolala na kuamka na mpira tunashindwa nini?

TFF ianzishe orodha ya namna hiyo, na chama cha mkoa hapa kisisubiri barua kutoka Dar. Makatibu, waamuzi na waandishi wa enzi za Ushirika ya Moshi baadhi bado wapo, na wengine huja uwanjani Ushirika wikiendi. Atumwe kijana mwenye simu ya kurekodi, akae nao kabla msimu haujaanza.