Mbwa Wako Anakula Nini?

Ndugu msomaji, una mbwa nyumbani kwako? Kama unaye, nijibu swali moja. Jana alikula nini?

Wengi wetu hatuwezi kujibu. Tunajua mbuzi wamekula nini, kwa sababu tumewapeleka malishoni. Tunajua kuku wamekula nini, kwa sababu tumewamwagia pumba. Lakini habari ya mbwa hatuijui. Tunasema, "Mbwa hujitafutia." Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, mpaka asubuhi moja jirani yangu alipobisha hodi akiwa ameshika manyoya ya kuku mkononi.

Wakati ule nilikuwa na mbwa watatu. Mchana walilinda mbuzi na shamba la mahindi, maana kwetu nyani hushuka kutoka mlimani mahindi yakianza kukomaa. Usiku walijitafutia. Jirani alinihesabia hasara yake. Kuku wawili wameliwa. Mayai ya kuku aliyekuwa akiatamia yameliwa yote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee mwenzangu, mbwa wako wanalinda kwako, lakini wanakula kwangu."

Nililipa. Nilipokuwa nikilipa ndipo nilipofahamu kwamba chakula cha mbwa nilikuwa nakinunua siku zote. Tofauti ni kwamba nilikuwa nakinunua kwa bei ya kuku.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mbwa mwenye njaa huiba mayai. Hula mizoga. Hula hata kinyesi nyuma ya nyumba isiyo na choo. Kisha hurudi nyumbani, na mtoto wako humshika na kucheza naye. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwenye mbwa amlishe, na asiyeweza kulisha mbwa watatu afuge mmoja. Kumlisha mmoja si kazi ya matajiri peke yao. Ngoja nikuonyeshe.

Watu wengine hufikiri kuwa mbwa ni kama simba, hawezi kuishi bila nyama. Si kweli. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, akila makombo ya binadamu. Tumbo lake limezoea chakula chetu. Ugali ulioiva vizuri humpa nguvu, kama unavyotupa sisi. Wali pia, na viazi vitamu vilivyochemshwa. Lakini ugali mtupu haumtoshi, kama vile usivyomtosha mtoto. Mbwa anayekula ugali mtupu kila siku hukonda, manyoya yake hupoteza mng'ao, na vidonda vyake huchelewa kupona. Anahitaji pia vyakula vya kujenga mwili.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Mbwa wengi wa vijijini ni wadogo. Tuseme mbwa wako ana uzito wa kilo 15. Siku ambayo hakuna makombo kabisa, gramu 200 za unga wa dona zinamtosha, ukiongeza gramu 30 za dagaa wakavu, yaani konzi moja ndogo. Gramu 200 kwa siku maana yake ni kilo moja ya unga kwa siku 5. Mwezi una siku 30, basi ni kilo 6 za unga. Dagaa ni gramu 900 kwa mwezi, haifiki kilo moja. Kwa mwaka mzima unga ni kilo 73. Hilo si hata gunia moja la kilo 100.

Hesabu hiyo ni ya nyumba isiyobakiza chochote. Ni nyumba gani hiyo? Kila jioni chini ya sufuria ya ugali kuna ukoko. Kwetu mama watoto huchemsha dagaa katika maji kidogo, kisha huyamwaga maji hayo pamoja na dagaa wake juu ya ukoko, na kufunika sufuria. Baada ya muda ukoko umelainika na kuachia wenyewe. Mbwa amepata chakula, na anayeosha sufuria amepunguziwa kazi. Ukiongeza makombo ya watoto, unga wa mbwa hupungua sana. Baadhi ya siku hautoi unga kabisa.

Nimewataja dagaa mara nyingi, na nina sababu. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake. Mifupa hiyo midogo ndiyo inayojenga mifupa ya mbwa. Ndiyo maana konzi ya dagaa inamfaa mbwa kuliko kipande cha nyama cha uzito uleule. Wala huhitaji dagaa wazuri wa kuliwa na watu. Sokoni wapo dagaa wa kuku, wale waliovunjika-vunjika na kubaki chini ya gunia. Bei yao ni nafuu. Tatizo lao ni mchanga, kwa hiyo waoshe mara mbili tatu kabla ya kuwachemsha. Wakiwa na ukungu au harufu ya dawa, usinunue.

Kama dagaa hawapatikani kwenu, tumia kilichopo. Maharage au kunde zilizochemshwa mpaka zikalainika zinafaa. Vilevile damu iliyochemshwa, mtindi ulioanza kuwa mkali mno, au yai lililopasuka. Yai lipike, asije akazoea ladha ya yai bichi na kuanza kuyatafuta viotani. Boga na majani ya mchicha yanaweza kuchanganywa humo. Pumba unaweza kutia kidogo, lakini zikizidi mbwa huharisha na chakula kimepotea bure. Vitunguu usimpe, kwa maana huharibu damu ya mbwa. Na mchuzi wenye chumvi nyingi umwongezee maji.

Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe. Huvunjika na kuwa na ncha kali kama sindano, na yaweza kumtoboa utumbo. Najua unakataa. Utasema, "Mbwa wangu amekula mifupa ya kuku miaka yote." Huenda ni kweli. Hata mtu anayevuka barabara bila kutazama anaweza kuvuka salama miaka yote.

Liko jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Ni mahindi yaliyoota ukungu. Mavuno yakinyeshewa na mvua, au yakihifadhiwa kabla ya kukauka, baadhi ya mahindi huota ukungu. Mama mwenye nyumba huchambua. Mazuri huyaweka kwa watu. Yaliyooza huyaweka kando na kusema, "Haya ni ya mbwa." Anafanya hivyo akidhani anabana matumizi, kumbe anampa mbwa sumu.

Ukungu wa aina hiyo hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Huwezi kuiona wala kuionja. Ukipika ugali, sumu haiishi. Huharibu ini. Mbwa hudhurika nayo upesi: hukataa chakula, hutapika, macho hugeuka manjano, kisha hufa. Wenyewe husema amelogwa, au jirani amemtegea sumu, na ugomvi unaanza. Sumu ilitoka katika jungu la nyumbani.

Wala usidhani ni jambo la mbwa tu. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa sehemu za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Tanzania katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yenye ukungu usimpe mbwa, kuku wala ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akiyala, sumu hutokea katika maziwa, na maziwa anakunywa mtoto. Yafukie au yachome moto. Inauma kutupa chakula. Lakini hicho kimekwisha kuacha kuwa chakula.

Jambo jingine ni matumbo ya mnyama aliyechinjwa. Siku ya kuchinja mbuzi, mbwa hukaa wakingoja. Tunakata ini au pafu lenye mafuko ya maji, tunaona kinyaa, na tunawatupia mbwa. Mafuko hayo ni watoto wa minyoo. Mbwa akiyala mabichi, minyoo hukua tumboni mwake, nayo ni midogo sana. Mayai yake hutoka na kinyesi na kushika katika manyoya. Mtoto akimshika mbwa na kula bila kunawa, humeza mayai hayo. Miaka mingi baadaye mafuko yaleyale ya maji huota katika ini au mapafu ya mtu, na mara nyingi tiba yake ni kupasuliwa. Kwa wafugaji wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ugonjwa huu umetesa watu wengi. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko kazi ya kupambana nao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihusu mbwa.

Matumbo si mabaya kwa mbwa. Ni chakula kizuri na cha bure. Ila yapikwe. Yakate vipande vidogo, yachemshe mpaka yaive ndani kabisa, ndipo umpe. Yale yenye mafuko ya maji fukia chini sana, mbwa asiweze kuyafukua.

Nimewahi kuambiwa na wazee ninaowaheshimu kwamba mbwa akishiba hulala, na kwamba njaa ndiyo humfanya mkali. Wengine humpa pilipili ili awe mkali zaidi. Mimi sikubaliani nao. Mbwa mwenye njaa usiku hayupo nyumbani. Yuko jalalani, au kwa jirani, au katika ugomvi na mbwa wengine. Huko ndiko anakoumwa na mbwa mwenye kichaa. Mwizi akija atamkuta nani? Na mbwa mwenye njaa hunyamazishwa kwa kipande cha nyama. Mbwa anayelishwa jioni saa ileile, mahali palepale, hurudi mwenyewe kabla giza halijaingia. Tena amezoea mkono wako. Wataalamu wa mifugo wakija kuchanja mbwa, unamshika na kumpeleka. Wa jirani asiyelisha hashikiki, hukimbilia porini, na wanaochanja wanaondoka bila kumgusa. Kichaa cha mbwa, ndugu msomaji, kikishaonyesha dalili katika mwili wa mtu, karibu hakuna anayepona.

Maji nayo yasisahauliwe. Chombo kibovu chenye maji safi kivulini kinatosha. Jike anayenyonyesha apewe mara mbili ya chakula chake, hata zaidi, la sivyo watoto watamnyonya mpaka abaki mifupa. Watoto wake wakiachishwa ziwa walishwe kidogo kidogo mara nne kwa siku, uji wenye dagaa waliosagwa.

Wapo ndugu zetu Waislamu ambao hawapendi mbwa aingie ndani au aguse vyombo. Hilo ni sawa, na hata asiye Mwislamu afadhali afanye hivyo kwa ajili ya afya. Lakini mafundisho yenyewe yanaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa kulinda shamba na wa kuwinda, na yanasimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi mbwa awe na chombo chake nje, na chombo hicho kiwe na kitu ndani.

Najua liko swali ambalo umekuwa ukilishika moyoni tangu mwanzo. "Watoto wangu wenyewe hawashibi. Nitatoaje dagaa kwa mbwa?" Swali hili ni la haki, wala sitalikwepa. Mtoto kwanza. Mwaka wa njaa hakuna atakayekulaumu ukipunguza. Lakini wakati huo usikubali kupewa mbwa mwingine. Tunapenda kupokea watoto wa mbwa kwa sababu hutolewa bure. Kuwapokea ni bure, kuwalisha si bure. Fikiri pia kazi anayoifanya. Nyani kumi wakiingia katika shamba asubuhi moja, wanaweza kuharibu mahindi kuliko debe zima. Unga ule wa kilo 6 kwa mwezi ni ujira wa mlinzi. Kama huna shamba la kulindwa wala mifugo, na chakula ni haba, basi usifuge mbwa. Hakuna ubaya.

Mimi nilipomaliza kulipa kuku wa jirani niligawa mbwa wawili kwa watu wenye ng'ombe wengi. Nilibaki na jike mmoja. Kila jioni, mama watoto akigonga karai lake bovu kwa mwiko, popote alipo huja mbio. Jirani naye amelizoea karai hilo. Akilisikia likigongwa, hufunga kuku wake bila wasiwasi, na mara nyingine hutuma mtoto alete maji aliyochemshia dagaa.