Njia ya Reli Haifi

Katika majira ya baridi huko Uingereza, jua la Desemba hutua mnamo saa kumi za jioni, saa ambayo kwetu ndiyo kwanza tumeswali Alasiri. Hata hivyo watu hujikusanya makundi kwa makundi wakapanda baiskeli: kiongozi mbele, na mwingine nyuma kabisa, asije mtu akaachwa njiani.

Lililonivutia zaidi ni njia wanazopita. Baina ya Bristol na Bath palikuwa na reli, na mwaka 1966 magari ya moshi ya abiria yakakoma. Chama cha wapanda baiskeli, Cyclebag, hakikukaa kulalamika. Kuanzia 1979 hadi 1986, kwa nguvu za watu wa kujitolea, ikatengenezwa njia ya kiasi cha kilomita 21. Ni tambarare, kwani gari la moshi halipandi kilima kikali. Ukifika Bath waweza kuendelea kando ya mfereji wa Kennet and Avon, uliokamilika mwaka 1810, pale walipopita farasi wakikokota mashua.

Nasi je? Abiria wa Mombasa na Nairobi waliihama reli ya zamani mwaka 2017. Nasema, kila kipande cha reli kilicholala bado ni mali ya umma. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Tusipoilinda ardhi hiyo leo, kesho wajukuu wetu watakuta ua na kufuli.